Bila Barua, Muda Usihesabiwe: Risala ya Wafanyabiashara wa Kariakoo kwa Kamishna wa Bima

Mheshimiwa Kamishna wa Bima,
Mheshimiwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima,
Ndugu wawakilishi wa kampuni za bima, benki, madalali na mawakala,
Wenyeviti wa mitaa na wafanyabiashara wenzetu,



Sisi ni wapangaji wa fremu, wenye stoo na wenye magari ya mizigo wa Kariakoo na mitaa yake, kuanzia Msimbazi na Kongo mpaka Narung'ombe, Mchikichi, Aggrey, Sikukuu, Tandamti na Gerezani. Tunauza vitenge, viatu, vyombo, vipodozi, simu na vipuri. Wapo kati yetu wanaoshusha kontena, na wapo wenye meza moja ya soksi na vitambaa vya mkononi. Tumeambiwa tuwe wafupi. Tutajitahidi, ingawa jambo lenyewe limekaa kifuani muda mrefu.

Hatusemi bima ni mbaya. Wala hatusemi kampuni hazilipi, maana humu ndani wapo waliolipwa wakarudi dukani na leo wanaajiri vijana. Tumekuja kuzungumzia muda: nani anahesabiwa siku, anaanza kuhesabiwa lini, na nani hahesabiwi kabisa.

Upande wa sisi kulipa, muda haubishaniwi. Tangu Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ianze kufanya kazi tumezoeshwa kwamba bila ada hakuna bima, na tumekubali. Hulipi leo, leo huna kinga. Wenye magari wanalijua hilo kuliko wote: bima ikiisha usiku wa manane, asubuhi trafiki pale kituo cha Fire anaingiza namba ya gari kwenye simu yake na kukwambia huna bima. Haombwi subira, wala hakuna anayemwambia faili liko kwa mkubwa.

Ukija upande wa sisi kulipwa, mambo yanageuka. Mteja akichelewa, amepoteza haki. Kampuni ikichelewa, mteja avumilie. Mtaani tunaita kupigwa kalenda, na mtu aliyepigwa kalenda vya kutosha hujikuta siku zake za kulalamika zimekwisha huku yeye bado anasubiri kupigiwa simu.

Tuchukue la dada yetu mmoja, muuza vitenge na mashuka, mwenye stoo ghorofa ya pili si mbali na Narung'ombe. Jina lake hatulitaji na kampuni hatuitaji, kwa sababu leo hatuna kesi na mtu. Nyaya zilishika moto usiku chumba cha jirani. Moto wenyewe haukumfikia. Kilichomfikia ni moshi na maji ya Zimamoto. Asubuhi mabelo yalikuwa yamelowa mpaka katikati, rangi ya kitenge kimoja imehamia kwenye kingine, mashuka meupe yamekuwa ya kijivu. Alimpigia wakala wake kabla hajampigia hata mumewe. Wakala akaja mwenyewe, akapiga picha, akasema: "Dada, tulia, nimeshafikisha ofisini." Dada akatulia.

Baadaye ikaja fomu. Ikataka orodha ya kila kilichoharibika, bei ya kununulia, na risiti. Risiti alikuwa nazo, mfuko mzima, lakini mnaijua karatasi ya EFD, mashine ya risiti za kodi: maandishi yake ni ya joto, ukiiacha kwenye stoo isiyo na dirisha, baada ya miezi inabaki nyeupe. Na hizi, juu ya kufifia, zilikuwa zimelowa. Akaanza kuwarudia wauzaji wa jumla mmoja mmoja kuomba nakala. Akaenda Zimamoto kufuata ripoti, akaenda polisi, akaenda kwa mhasibu. Mkadiriaji hasara akafika, akahesabu mabelo, akaondoka. Halafu kimya. Akipiga simu anaambiwa faili liko kwa mkubwa. Akipiga tena, mkubwa yuko safari. Akipiga tena, linasubiri saini, njoo Jumatatu.

Hakuna aliyemwambia hapana. Hilo ndilo tunaloomba mlisikie vizuri, Mheshimiwa Kamishna. Angeambiwa hapana angejua la kufanya siku hiyohiyo: angeuliza sababu, angekwenda kwa Msuluhishi, angetafuta wakili. Mwaka ulipokwisha pita ndipo alipoambiwa, kwa simu, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kwa masharti ya mkataba madai yake yamepitwa na wakati. Akauliza mkataba upi. Hakuwahi kuuona. Bima ilikatwa kupitia benki iliyomkopesha, ada ikatolewa kwenye akaunti ya mkopo, hati ikabaki kwenye faili la benki. Alipopata nakala, ilikuwa kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, herufi za kusomea miwani.

Sharti lililomnyima haki si geni. Limo katika bima nyingi za moto, hapa na nje, maneno yakitofautiana kidogo: kampuni haitawajibika kwa hasara baada ya miezi 12 tangu hasara itokee, isipokuwa kama shauri limekwisha fikishwa mahakamani au kwenye usuluhishi. Tazameni hesabu inaanzia wapi. Haianzi siku kampuni ilipokataa, wala siku mkadiriaji alipotoa ripoti. Inaanza siku ya moto. Kwa hiyo kila wiki ambayo faili linalala mezani kwa kampuni inakatwa kwenye siku za mteja, na anayechelewesha ndiye anayefaidika na ucheleweshaji. Hatusemi kila kampuni hufanya hivyo kwa makusudi. Tunasema utaratibu umekaa kiasi kwamba hata mvivu asiye na nia mbaya anamfilisi mteja kwa kukaa tu.

Tuliwauliza wanasheria, na majibu yao yalitufurahisha kisha yakatukatisha tamaa. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa shauri la kawaida la mkataba. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 28, inasema makubaliano yanayompunguzia mtu muda wa kudai haki yake kwa njia za kawaida za kisheria ni batili kwa kiasi hicho. Mtu wa duka akisikia hapo anasema tumeshinda, miezi 12 haina nguvu. Wanasheria wakatuonya tusishangilie. India wana kifungu kama chetu, kwa namba ileile ya 28, maana sheria yetu ilichotwa kwao enzi za Mwingereza. Huko kampuni za bima zilijitetea kwa miaka mingi hivi: sisi hatukupunguza muda wa kushtaki, sisi tumesema haki yenyewe inakufa mwaka ukipita. Ni ujanja wa maneno, lakini Mahakama ya Juu ya India iliukubali. Ikabidi Bunge lao libadili kifungu, na tangu mwaka 1997 sharti la kuua haki kwa kupita muda nalo ni batili. Kwetu kifungu kimebaki na maneno ya zamani. Hoja iliyokwisha zimwa Mumbai bado inaweza kuletwa Dar es Salaam, na mwenye vitenge vilivyolowa ndiye atakayegharamia wakili wa kuijibu.

Hata hiyo miaka 6 si ya kutuliza roho. Mahakama zetu zimekwisha sema zaidi ya mara moja kwamba mazungumzo kati ya wadaawa hayasimamishi muda wa kisheria. Ukiwa unabembelezwa kwa simu, siku zinahesabika vilevile. Na tuseme ukweli wa soko letu: mfanyabiashara wa Kariakoo hana miaka 6. Ana pango la fremu linalolipwa kwa mkupuo, ana mzigo wa watu aliouchukua kwa kuaminiwa, ana mkopo unaokatwa kila mwezi hata kama stoo imeungua. Mtaji ukikaa nje miezi michache, jirani ameshachukua wateja na mwenye nyumba ameshampangisha mwingine.

Zipo siku 45 ambazo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imekuwa ikiziambia kampuni zilipe ndani yake baada ya nyaraka kukamilika. Tunazishukuru. Lakini anayetamka kwamba nyaraka zimekamilika ni nani? Ni kampuni hiyohiyo. Leo inataka leseni ya biashara. Ukileta, inataka mkataba wa pango. Ukileta, inataka mahesabu ya mwaka juzi yaliyokaguliwa. Ukileta, ripoti ya Zimamoto ina kosa la herufi kwenye jina, irekebishwe. Kwa mtindo huo siku ya kwanza kati ya zile 45 haifiki kamwe. Siku za mteja, zile zilizoanza usiku wa moto, hazingoji nyaraka.

Wako watakaojibu kwamba muda ni kinga dhidi ya udanganyifu, kwamba mtu akija baada ya miaka miwili na kusema stoo iliungua hakuna wa kuchunguza majivu. Ni kweli, na hatubishi. Ila hapa vinachanganywa vitu vitatu. Kuna muda wa kutoa taarifa kwamba hasara imetokea. Huo uwe mfupi, hata wa siku chache, tunaukubali kwa mikono miwili, kwa sababu mkadiriaji anatakiwa aione hali kabla haijaguswa. Kuna muda wa kuleta nyaraka. Huo uendane na hali ya mtu, maana nyaraka nyingi haziko mikononi mwake bali ziko Zimamoto, polisi, Mamlaka ya Mapato (TRA) na kwa wauzaji. Na kuna muda wa kulalamika pale kampuni inapokataa au kulipa pungufu. Huu wa tatu hauhusiani na majivu. Uchunguzi umekwisha fanyika, ripoti iko kwenye faili la kampuni, kinachobishaniwa ni uamuzi. Kuufupisha huu wa tatu hakumzuii mdanganyifu yeyote. Kunamzuia tu mtu asiyejua njia.

Kuna watu wa namna hiyo hata kwenye bima zisizo za moto. Mama mmoja wa Gerezani alifiwa na mumewe, fundi wa viatu aliyekuwa na mkopo wa benki. Aliendelea kulipa rejesho la marehemu kwa kuuza chapati na maharage, akijua deni la mume ni deni la nyumba. Muda mrefu baadaye, mtoto wa dada yake aliyesoma karatasi za mkopo akagundua kwamba ndani yake kulikuwa na bima ya maisha ya mkopaji: mkopaji akifa, bima inamaliza deni. Walipokwenda, wakaambiwa taarifa ya kifo ilitakiwa iletwe ndani ya miezi 6. Mwenye kujua kwamba bima ipo alikuwa marehemu, na benki iliyoikata. Marehemu hawezi kuulizwa. Benki, ambayo rejesho lilikuwa likiingia kwake mwezi baada ya mwezi, hatujui kwa nini haikuulizwa.

Mheshimiwa Kamishna, miaka ya baba zetu mambo yalikuwa machache. Kuanzia 1967 bima huku Bara ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko. Huduma ilikuwa na kasoro zake, wazee watawasimulia, lakini mlango wa kugonga ulikuwa mmoja. Leo kati ya mteja na kampuni amesimama wakala, au dalali, au benki, na kila mmoja akibanwa anamsukumia mwenzake. Wengi wetu hatukuwahi kuelezwa kwamba wakala ni mtu wa kampuni ilhali dalali kisheria anamwakilisha mteja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama simu ya asubuhi ya moto imehesabiwa kuwa taarifa au haikuhesabiwa. Unaijua siku umeshachelewa.

Tungeweza kuyaacha haya yawe ya mtu na kampuni yake kama bima ingekuwa hiari. Usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021, Soko Kuu liliungua, lile alilolichora Beda Amuli na ambalo sisi wengine tumezaliwa tukilikuta. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ya 2022 ikaifanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara na mizigo inayoingizwa nchini. Hatupingi, aliyeliona soko asubuhi ya Jumapili ile hawezi kupinga. Ila Serikali ikimlazimisha mtu kununua kitu, inabeba pia dhamana ya kuhakikisha kitu hicho kinadaika. Huwezi kumwambia mtu kukata bima ni lazima halafu kujua siku yake ya mwisho ya kulalamika ni juu yake.

Kisha ikaja Jumamosi nyingine, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka pale Mchikichi na Kongo. Tulipoteza zaidi ya watu 20, wengine majirani wa fremu kwa fremu. Kwa siku kadhaa watu walikuwa wakichimbua kifusi wakisikiliza sauti za waliofukiwa. Wengine walikuwa Muhimbili na Amana, wengine njiani kwenda kuzika mikoani. Eneo lilifungwa kwa amri, na ilibidi lifungwe. Sasa chukueni mkataba wa bima unaotaka orodha ya mali kwa maandishi ndani ya siku 14 au 30, muuweke mbele ya mtu ambaye duka lake liko chini ya zege, daftari lake liko chini ya zege, na muuzaji wake wa dukani naye aliokolewa huko. Sharti hilo liliandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria jiko lililoungua kwenye nyumba yenye uzio.

Baada ya maelezo hayo, madai yetu.

La kwanza, na kama mtatupa moja tu tupeni hili: muda wa kulalamika, kwa Msuluhishi au popote pengine, uanze kuhesabiwa siku mteja anapokabidhiwa barua ya uamuzi wa mwisho wa kampuni, na si kabla. Barua hiyo iwe ya Kiswahili. Iseme imekubali kiasi gani na imekataa kiasi gani, kwa sharti lipi, na sharti lenyewe linukuliwe ndani yake. Iseme mteja asiporidhika aende wapi, kwa gharama gani, na tarehe ya mwisho ni ipi, iandikwe tarehe kamili, siku, mwezi na mwaka, asiachiwe mteja kazi ya kuhesabu. Barua isipokuwa na mambo hayo ihesabiwe haijaandikwa. Simu isihesabiwe kuwa barua. Na kampuni isipotoa barua yoyote ndani ya siku 60 tangu kupokea taarifa ya hasara, mteja awe huru kwenda kwa Msuluhishi siku ya 61 bila kuambiwa amewahi mno, na bila siku hata moja kukatwa kwake.

Hatuombi maajabu. Uingereza kampuni ina wiki 8 za kujibu lalamiko, na barua ya mwisho lazima imwambie mteja kwamba ana miezi 6 ya kwenda kwa msuluhishi wa huduma za fedha. Miezi hiyo inaanza na barua. Afrika Kusini kanuni zao za kulinda wenye bima zinampa aliyekataliwa siku zisizopungua 90 za kuihoji kampuni, na zikiisha apate miezi 6 mingine ya kwenda kisheria. India mteja ana mwaka mmoja wa kumfikia msuluhishi wa bima tangu kampuni ikatae. Kote huko hesabu inaanzia kwenye jibu la kampuni. Sisi tunaomba muda usiopungua mwaka mmoja tangu barua, kwa sababu wengi wetu tunatoka mikoani, tunafiwa, tunafuata mzigo Guangzhou na Istanbul, na msimamizi wa duka mara nyingi hawezi kusaini kwa niaba ya mwenye bima.

La pili linafuata hapo. Sharti lolote la mkataba linaloua madai kwa kuhesabu miezi tangu hasara itokee Mamlaka ilipige marufuku katika bima zinazouzwa kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati, na Tume ya Ushindani, yenye mamlaka juu ya mikataba ya walaji iliyoandaliwa na upande mmoja, iyapitie masharti hayo pamoja nanyi. Tunaomba pia mtubebee kwa Waziri wa Katiba na Sheria ombi la kukirekebisha kifungu cha 28 kama wenzetu wa India walivyofanya. Hili la Bunge litachukua muda, tunajua. La Mamlaka halihitaji Bunge.

Kuhusu taarifa ya hasara, ujumbe wa simu wenye picha kwa wakala uhesabiwe kuwa taarifa kwa kampuni, kuanzia saa ulipopokelewa. Kama anapokea ada yetu kwa niaba ya kampuni kupitia simu, apokee na habari mbaya kwa simu hiyohiyo. Kila dalali na wakala amweleze mteja kwa maandishi anamwakilisha nani. Kuhusu nyaraka, kampuni itoe orodha moja, mara moja, ndani ya siku 14, na isiruhusiwe kuongeza nyingine isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa. Nyaraka za kwenye orodha zikikabidhiwa na kugongwa muhuri, zile siku 45 zianze. Na pale risiti ya EFD imefutika, kampuni ikubali kumbukumbu za mauzo zilizoko TRA badala ya kumtesa mtu kwa karatasi ambayo Serikali yenyewe inajua haidumu.

Eneo likifungwa kwa amri ya Serikali baada ya moto, kuporomoka au mafuriko ya Mto Msimbazi, siku zote za mteja zisimame mpaka litakapofunguliwa.

Benki zinazokata bima kwa ajili ya mikopo zimkabidhi mkopaji nakala ya hati yake ndani ya siku 7, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja kilichokatiwa bima, kampuni, na muda wa kutoa taarifa. Mkopaji akifa na benki ikapata habari ya kifo, benki ndiyo ipeleke taarifa, na kuchelewa kwake kusimuumize mjane.

Lugha. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Jaji anatakiwa atuhukumu kwa Kiswahili, lakini mkataba anaouhukumu, kwa wengi wetu, bado ni wa Kiingereza. Tunaomba mtaje tarehe ambayo baada yake hakuna hati ya bima ya duka, gari au mkopo itakayouzwa nchini bila nakala ya Kiswahili, na maneno yakipingana ya Kiswahili ndiyo yatawale.

Mheshimiwa Msuluhishi, kwako tuna mawili. Lalamiko likifika kwako, muda wa kwenda mahakamani usimame mpaka utakapotoa uamuzi. Vinginevyo tunaogopa kuja kwako, kwa sababu tukikupa miezi yetu hatuna uhakika kwamba tutarudishiwa. Na kikomo cha thamani ya madai unayoruhusiwa kusikiliza kinamtosha mwenye pikipiki, hakimtoshi mwenye kontena. Tunaomba Wizara ya Fedha ikiangalie upya kwa kuzingatia stoo za Kariakoo. La nyongeza, tuwekeeni meza moja hapa mtaani, siku moja ya wiki. Isiwe Jumamosi.

Mwisho, tunajua Kariakoo ikitajwa ofisini watu hukumbuka Mei 2023 na Juni 2024, maduka yalipofungwa kwa mambo ya kodi. Risala hii haina tishio la aina hiyo. Hakuna anayefunga duka kwa sababu ya bima. Anayedai bima mara nyingi duka hana tena.

Tunaomba majibu kwa maandishi, dai kwa dai, lililokubaliwa na lililokataliwa, na kwa lililokataliwa sababu yake na ngazi inayofuata ya kulipeleka. Nakala ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa za Kariakoo, Gerezani na Jangwani, ambako wasiofika leo wataisoma.

Tunawasilisha.